Python: mstari umeongeza chini, kosa linatokea juu

Mkuu, hiyo fankisheni yako ilikuwa inaprinti `jumla` iliyoko nje yake freshi tu, ukaongeza `jumla = jumla + 1` chini kabisa na sasa inagomea kwenye print ya juu na kukupa UnboundLocalError. Wengi wanadhani Python inaamua jina ni la wapi pale inapolifikia, hapana, inaamua mapema wakati inakompaili fankisheni nzima, ikikuta tu mahali popote umelipatia thamani kwa `=` basi jina hilo ni la lokali (la ndani ya fankisheni hiyo tu) toka mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, hata kama hiyo `=` umeificha ndani ya `if` ambayo haitatimia milele. Kwa hiyo print yako inatafuta jumla ya lokali na hiyo bado haina kitu. Kama unabisha pitisha fankisheni kwenye `dis.dis` (inaonyesha maagizo ambayo Python imeyatengeneza baada ya kukompaili), utaona kwenye ile print LOAD_GLOBAL imegeuka LOAD_FAST (matoleo mapya LOAD_FAST_CHECK).

Na hapa ndo watu wanachekeshwa: kama `listi` nayo iko nje ya fankisheni, `listi.append(5)` inapita bila shida maana hujalipatia jina thamani mpya, umebadili tu kilichomo, ila `listi += [5]` inaleta kosa lile lile.

Ukiweka `global jumla` mwanzoni mwa fankisheni itakubali. Ila usidhani hiyo globali ni ya programu nzima, ni ya moduli, yaani faili moja tu. Kuna mradi niliwahi kuurithi, kila faili lina `from mipangilio import hali`, afu fankisheni moja ndani ya mipangilio inaibadili hali kwa `global`, mafaili mengine yote yanabaki na hali ya zamani, kwa sababu ile `from` inaweka jina jipya kwenye moduli yako linaloelekea kwenye thamani ya wakati ule, jina la kule likihama la kwako halina habari. Niliandika `import mipangilio` na kuita `mipangilio.hali` kila sehemu, yakaisha.

Kwa kesi yako mi ningeachana na `global`, pokea jumla kama parameta kisha uirudishe kwa `return`. Ila kama fankisheni iko ndani ya fankisheni nyingine na jumla ni ya ile ya nje, hapo ni `nonlocal`, ipo tangu Python 3.0 ya 2008, kabla ya hapo watu walikuwa wanadanganya na listi ya kitu kimoja, `jumla = [0]` halafu `jumla[0] += 1`.