Mnyororo wa nyimbo ufuate silabi, usifuate herufi

Swali la wiki liliuliza: ni nyimbo zipi za Kiswahili zinazofaa kwa mchezo wa mnyororo, ule wa kuimba wimbo unaoanza na sauti aliyoishia mwenzako, na je, zinatumika vilevile kwenye karaoke?

Zipo nyingi, ila kanuni ya "herufi ya mwisho" iacheni kabisa. Maneno yetu karibu yote huishia na irabu, kwa hiyo mkicheza kwa herufi mnabaki na milango mitano tu, na baada ya muda mfupi watu wanarudia nyimbo zilezile. Chezeni kwa silabi. "Malaika" inaacha *ka*. Anayefuata anaimba "Kamwambie" ya Diamond Platnumz, inayoacha *e*. Wa tatu anatoa "Eneka" (2017), na *ka* imerudi tena. Hapo mwenye akiba ya "Kasongo" ya Super Mazembe anapona, huku akimwachia mwenzake *ngo*, sauti inayowakausha vijana wengi. Mzee aliyekaa pembeni analo jibu: "Ngoma Iko Huku" ya Salum Abdallah na Cuban Marimba. Changanyeni umri katika kila kundi, mchezo unanoga zaidi.

Ugomvi mwingi hutokana na kukata silabi vibaya. "Kamwambie" haiachi *bie*. Ni ka-mwa-mbi-e, basi inaacha *e* peke yake. "Fagilia" ya Mr Nice nayo inaacha *a*, si *lia*. Mwamuzi apige makofi silabi moja moja kabla ya kukata shauri.

Sauti rahisi kuliko zote ni *ni* na *na*, na sababu imo ndani ya lugha: nyimbo nyingi husemwa na "mimi", kwa hiyo majina yake mara nyingi huanza na *ni-* au *na-*. "Nikifa Kesho", "Nibebe" ya Rose Muhando, "Natafuta Kiki" ya Rayvanny, "Nasema Nawe". Tena zinaitwa mara kwa mara, maana "Mwana" na "Zuwena" zinaacha *na*, na "Narudi Nyumbani" ya Remmy Ongala inaacha *ni*. Anayekwama kwenye *na* hajajiandaa.

Silaha kali ni *je*. Kiswahili huuliza kwa *-je* mwishoni, lakini nyimbo zinazoanza nayo ni chache mno. "Nikusaidieje" ya Professor Jay inaacha *je*, na "Aje" ya Alikiba (2016) vilevile. Ukiwa na "Jeje" (2020) unaokoka na papo hapo unamrudishia mwenzako *je* ileile. Nyimbo za namna hii, zinazoanza na kuishia na silabi moja, ziwekeni akiba msizitoe mapema: "Zeze" ya TID, "Yahaya" ya Lady Jaydee, na "Ndi Ndi Ndi" yake pia. Ukitupiwa "Siku Hazigandi" ukajibu kwa "Ndi Ndi Ndi", mpinzani anabaki na "Ndiyo Mzee" ya Professor Jay au anakaa chini.

Zipo silabi zisizo na jibu kabisa. "Zilipendwa" inaacha *ndwa*. Hakuna wimbo unaofahamika unaoanza hivyo. Kubalianeni mapema kwamba silabi ikikosa jibu inalegezwa: *ndwa* iwe *da*, na "Darubini Kali" ya Afande Sele inaingia. *Ri* iruhusiwe kuwa *li*, ili "Sukari" ya Zuchu ijibiwe kwa "Litawachoma".

Jambo moja husahauliwa. "Mteule Uwe Macho" na "Mtazamo" huanza na *m* inayosimama yenyewe kama silabi, na karibu hakuna neno la Kiswahili linaloishia na sauti hiyo. Nyimbo hizo ni nadra kuitwa na mnyororo, kwa hiyo zifanyeni za kufungulia raundi. Wimbo wa taifa msiuingize. Una heshima yake.

Kwa watu 8, andaeni kadi 40. Kila kadi: jina la wimbo katikati, silabi ya kuanzia kona ya kushoto, ya kuishia kona ya kulia. Kadi ya "Zeze" itasomeka ZE na ZE. Sekunde 15 za kufikiri zinatosha, na mtu aimbe angalau mistari miwili. Kutaja jina tu kunaua mchezo.

Kwenye karaoke hesabuni neno la kwanza linaloimbwa, si jina la wimbo, wala majigambo ya prodyuza mwanzoni mwa biti. "Malaika" inafaa kote kwa kuwa jina ndilo neno la kwanza. Nyimbo za dansi za zamani ni ndefu, gita likishika zamu mwimbaji anasimama tu. Zikateni baada ya kiitikio cha kwanza.

Mkicheza uani hapa Dodoma, upepo wa Juni hadi Agosti huvuma ndani ya maiki hadi maneno yapotee, ivikeni sponji. Spika ziwe mbele ya mwimbaji zikiwatazama wasikilizaji, vinginevyo maiki itapiga mluzi. Na maiki iwe ya waya: zile za Bluetooth huchelewesha sauti, mwimbaji akaonekana yuko nyuma ya biti ilhali yuko sawa.

Msomaji, Nkuhungu, Dodoma