Jibu: Riwaya ya India kuhusu uke wenza

Ndugu, umeuliza kama waandishi wa India wanaoandika kwa Kiingereza wamewahi kugusa uke wenza. Tafuta Difficult Daughters ya Manju Kapur, ya 1998. Virmati, binti wa mji wa Amritsar anayetaka elimu, anampenda profesa mwenye mke, na mwishowe anaolewa naye. Ni miaka ya 1940. Sheria iliyowakataza Wahindu kuoa wake wawili ilikuja 1955. Kilichonikaa mimi ni jikoni. Ganga, mke mkubwa, hajui kusoma, lakini hamruhusu mke mwenzake kugusa jiko lake: kumpikia bwana ni kazi yake yeye. Virmati, msomi, anabaki na kitanda na vitabu. Profesa? Anakunywa chai yake tu.