Usimuulize Mama Akiwa Bado Ameshika Risiti

Wadogo zangu mnaoanza kupima kama wazazi wameridhika na matibabu ya meno ya watoto wao, nawaandikia kabla hamjachapa madodoso. Kazi hii nimeifanya Dodoma mjini na wilaya za jirani, na mara ya kwanza niliifanya vibaya. Nilivaa koti jeupe, nikasimama karibu na mlango wa chumba cha meno, nikawa namuuliza kila mama anayetoka. Karibu wote walijibu "nimeridhika sana", nami nikaamini nimepata matokeo mazuri.

Jioni ya siku moja nilipanda daladala ya Nkuhungu. Kiti cha mbele yangu alikaa mama niliyemhoji asubuhi ile, akimsimulia mwenzake kwamba mwanawe alishikwa na watu watatu, ganzi haikuwa imekolea, jino likang'olewa hivyo hivyo, na hapeleki tena mtoto pale. Kwenye karatasi yangu alikuwa amenipa tano juu ya tano.

Yule mama hakunidanganya. Alinijibu kwa adabu. Mtu mwenye koti jeupe akikuuliza kama kazi ya wenye makoti meupe ni nzuri, utamwambia nini? Na bado una mtoto mwingine nyumbani ambaye jino lake litauma mwezi ujao.

Kwa hiyo koti liacheni. Kaeni naye nje, chini ya mwarobaini, mbali na dirisha la malipo. Shikamoo kwanza, habari za safari, ndipo mjitambulishe: wewe ni nani, hufanyi kazi kliniki hiyo, na jina lake halitafika kwa daktari. Msomee fomu ya ridhaa polepole, asaini au aweke dole gumba. Siku hiyo chukua machache tu, pamoja na namba mbili za simu, yake na ya jirani au ndugu. Maswali yenyewe muulize kwa simu baada ya siku tatu nne, ganzi imeisha, mtoto amekula ugali, na baba naye amekwisha kusema la kwake.

Sasa lugha. Ngazi tano za kukubali na kukataa zilianza na Rensis Likert mwaka 1932, na madodoso mengi mtakayokabidhiwa yametafsiriwa kutoka Kiingereza. Kuna mtego mmoja utakaowaharibia data yote: sentensi za kukanusha. Muulize mama, "Je, daktari hakukueleza atakachofanya?" Akijibu "ndiyo", amesema nini? Kwa wengi wetu maana yake ni "ndiyo, hakunieleza". Mwingine akisema "ndiyo" ana maana alielezwa. Wahojaji wangu wawili waliliandika jibu hilo hilo kinyume, nasi tukagundua wakati wa kuingiza data. Geuzeni sentensi zote ziwe za kueleza tukio: "Kabla ya sindano, daktari alikuambia nini? Alimwambia mtoto nini?" Msitegemee alfa ya Cronbach, ile namba inayoonyesha kama majibu ya maswali yanakwenda pamoja, iwaokoe. Kama wazazi wengine wanakubali kila sentensi na wengine wanasita kwa kila sentensi, alfa itapanda vizuri huku hujapima kitu.

Jambo ambalo dodoso langu la kwanza halikuwa nalo kabisa, na ambalo leo naliona ndilo kubwa kuliko yote, ni mikono ya mama. Kwenye kliniki zetu mtoto akigoma kufungua mdomo, mara nyingi mzazi huambiwa: "Mshike." Anamshika. Mtoto analia akimtazama yeye, si daktari. Mama mmoja kutoka upande wa Bahi alinijibu maswali yote kwa sauti ile ile, kisha nilipofunga daftari akasema, "Tulipofika nyumbani aliniuliza, mama, kwa nini ulinishika?" Akanyamaza. Nilikuwa nimemuuliza kuhusu usafi wa chumba, urefu wa foleni, bei na lugha ya wahudumu. Kilichomkaa moyoni hakikuwa na nafasi kwenye karatasi yangu. Ulizeni: mtoto alishikwa? Na nani? Uliombwa au uliamriwa? Kuna mtu aliyekupa nafasi ya kusema basi, turudi siku nyingine? Na mhudumu aandike tabia ya mtoto kitini kwa kipimo cha Frankl cha mwaka 1962, chenye ngazi nne kuanzia mtoto anayegoma kabisa hadi anayeshirikiana vizuri, ili mlinganishe na anachosimulia mzazi.

Pia msichanganye kuridhika na ubora. Wazazi wengi huja wakisema "ng'oa tu, ni jino la utoto". Likitoka bila shida wanaondoka wameridhika kabisa. Lakini magego ya utoto hukaa hadi miaka kumi hivi au zaidi, na likitolewa mtoto akiwa na mitano, meno ya jirani husogea na kuziba nafasi ya jino linalokuja. Kinyume chake nacho kipo. Sehemu za Singida na Dodoma maji ya visima yana floraidi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani, na mtoto aliyeyanywa tangu mdogo huota meno yenye madoa ya kahawia. Mzazi anakuja yasafishwe. Madoa yamo ndani ya jino, hayatoki kwa mswaki wala kwa kusafishwa, na mzazi anaondoka amekasirika hata kama daktari amefanya yote sawasawa. Ndiyo maana kila dodoso liwe na swali la mwanzo kabisa: "Ulikuja ukitarajia nini?" Bila hilo, majibu mengine hamtajua myasome vipi.

Mengine kwa ufupi. Aliyemleta mtoto anaweza kuwa bibi, shangazi au dada wa kazi. Andikeni "mlezi", na mjue nani alilipa, kwa kuwa majibu kuhusu gharama ni ya huyo. Mkikusanya Januari, watu wako shambani; mkikusanya Julai, mavuno yameingia na hela ipo. Chukueni misimu yote miwili. Watafuteni pia waliopewa tarehe ya kurudi wasirudi, maana hao hamtawakuta kwenye benchi.

Swali la mwisho ninalouliza siku hizi ni hili: "Mkiwa njiani kurudi nyumbani, mtoto alisema nini?" Liandikeni jibu kwa maneno yale yale aliyoyatumia, la Kigogo liandikwe Kigogo, kabla simu haijakatwa.