Barua kwa mwanangu: usikope kwa ajili ya kifurushi

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma, na swali lako nimelielewa hivi: mkeo ana mimba ya miezi minne, hospitali ya serikali iliyo karibu nanyi hutoza kidogo sana, ile ya binafsi mliyoitembelea imewatajia bei ya kifurushi cha kujifungua inayozidi mishahara yako ya miezi kadhaa, na unataka kujua kama ni busara kuchukua mkopo ili mkwe wangu ajifungulie huko. Umeniuliza mimi kwa kuwa nimefanya kazi ya ukunga pande zote mbili. Jibu langu ni kwamba usikope kwa ajili ya kifurushi. Kama unao uwezo wa kukopa, utunze uwezo huo kwa ajili ya dharura, kwa sababu kifurushi ni bei ya uzazi uliokwenda vizuri, na uzazi uliokwenda vizuri ndio usiohitaji fedha nyingi popote pale.

Kabla ya kuzungumzia majengo na bei, mtazameni kwanza mama mwenyewe. Hujanieleza kama presha yake iko sawa, kama anabeba mtoto mmoja au mapacha, kama kipimo cha picha kimeonyesha kondo limekaa mahali pake, kama ana kisukari au upungufu wa damu, wala kama amewahi kupasuliwa tumbo la uzazi. Mambo haya yanaamua zaidi kuliko jambo jingine lolote, maana mwenye mojawapo kati ya haya anapaswa kujifungulia mahali penye chumba cha upasuaji na damu, awe nazo fedha au asiwe nazo. Shirika la Afya Duniani limekuwa likipendekeza tangu mwaka 2016 kwamba mjamzito akutane na mhudumu wa afya angalau mara 8, mara ya kwanza ikiwa ndani ya wiki 12 za mwanzo, na sababu mojawapo ni kwamba kifafa cha mimba huanza kimyakimya: presha inapanda kufikia 140 kwa 90 au zaidi baada ya wiki ya 20, na mama mwenyewe anaweza kujisikia mzima kabisa. Kliniki ya wajawazito haina lazima iwe pale pale atakapojifungulia. Anaweza kuhudhuria ile iliyo karibu na yenye gharama nafuu, mradi kadi yake iwe na vipimo vyote, pamoja na kundi la damu, na aitembeze kila aendako.

Sasa tuje kwenye hospitali zenyewe. Kujua mmiliki wa hospitali hakukuelezi inaweza kufanya nini saa nane za usiku. Wataalamu wa uzazi wanacho kipimo rahisi ambacho ningependa ukikumbuke: kwa mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2009, kituo kinachotoa huduma za msingi za dharura kwa wazazi kinapaswa kuweza kufanya mambo 7, nayo ni kutoa kwa sindano au dripu dawa za kuua bakteria, za kubana mfuko wa uzazi na za kuzuia degedege, kutoa kondo lililogoma kwa mkono, kusafisha mabaki ndani ya mfuko wa uzazi, kumsaidia mtoto kutoka kwa kifaa cha kuvuta, na kumsaidia kupumua mtoto aliyezaliwa bila kulia. Hospitali kamili huongeza 2, yaani upasuaji wa kujifungua na kuongezewa damu. Hospitali nyingi ndogo za binafsi zenye sakafu zinazong'aa hazina benki ya damu, na daktari wa usingizi huitwa kutoka nyumbani; zipo pia zahanati za serikali ambazo hata yale 7 hayatimii. Kwa upande mwingine, hospitali kubwa za rufaa, ambazo katika nchi nyingi ni za umma, ndizo zenye wodi ya watoto njiti, damu na madaktari waliolala humo humo. Ndiyo maana utaona mara kwa mara mzazi aliyelipa kifurushi kizima akipakiwa kwenye gari la wagonjwa na kupelekwa rufaa katika ile hospitali ya umma aliyoikimbia, akafika amechelewa na tayari amekwisha kulipa.

Kwa hiyo ziulizeni zote mbili maswali yale yale. Usiku na siku za mapumziko, daktari anayeweza kupasua yuko ndani ya jengo au anapigiwa simu, na akipigiwa anafika baada ya muda gani? Damu iko hapo hapo au mtatumwa kuitafuta? Mtoto akizaliwa kabla ya wiki 37 au akikosa pumzi atahudumiwa wapi? Mkunga mmoja anahudumia wazazi wangapi zamu ya usiku? Anayejibu kwa kukuonyesha vyumba na televisheni hajajibu.

Sitaki udhani kwamba nazipuuza sababu zinazowafanya watu wakimbilie hospitali za binafsi. Msongamano katika wodi za umma ni jambo la kweli; pako mahali ambapo wazazi wawili hulala kitanda kimoja, dawa zinaisha, na mkunga aliyechoka humjibu mama kwa maneno ambayo hayastahili kusemwa mbele ya mtu aliye katika uchungu. Mimi sihesabu hilo kuwa dogo, na sikubaliani na wenzangu wa kazi wanaolichukulia kama kawaida ya wodi, kwa sababu mama aliyekaripiwa mara moja huacha kusema kwamba kichwa kinamwuma au kwamba nguo imelowa damu, na hizo ndizo habari ambazo mkunga anazihitaji kuliko zote. Katika hospitali nyingi za binafsi mkeo atapata faragha, atakuwa na mtu wake pembeni wakati wote wa uchungu, jambo ambalo hata Shirika la Afya Duniani linalipendekeza, na pengine atapata ganzi ya mgongoni ya kupunguza maumivu. Lakini ziko hospitali za umma zinazoruhusu msindikizaji, na zipo zenye wodi za kulipia ndani yake, ambapo mzazi hulipa kiasi cha wastani, akapata chumba chenye staha, huku chumba cha upasuaji na damu vikiwa ukumbi wa pili. Kama kwenu ipo wodi ya namna hiyo, mimi ningeanzia hapo.

Kuhusu gharama nitakwenda taratibu, maana hapa ndipo watu wanapoumia. Bei ya kifurushi mara nyingi huwa ni ya kujifungua kwa njia ya kawaida, mama mmoja na mtoto mmoja, wakilala siku zilizotajwa. Nje yake huweza kubaki daktari wa watoto, daktari wa usingizi, damu, vipimo vya maabara, dawa zilizozidi kiwango, siku za ziada za kulala, na zaidi ya yote mtoto mwenyewe, kwa sababu akishazaliwa huwa ni mgonjwa wa pili mwenye faili lake na ankara yake. Upasuaji wa dharura huhesabiwa kwa bei nyingine kabisa. Wodi ya uangalizi maalumu wa watoto wachanga hutozwa kwa siku, na mtoto aliyezaliwa na uzito wa chini ya gramu 2,500 kwa kuwa alitangulia kabla ya wakati anaweza kukaa humo wiki nyingi. Huko ndiko nilikoona familia zikimaliza akiba ya miaka. Hata mtoto wa miezi tisa kamili anaweza kupata manjano na kuhitaji kulazwa chini ya mwanga wa tiba. Omba karatasi yenye bei tatu, ya njia ya kawaida, ya upasuaji, na ya siku moja ya mtoto katika wodi hiyo, pamoja na kiasi cha amana kinachodaiwa kabla ya kupokelewa. Hospitali isiyotaka kuandika bei hizo imekwisha kukupa habari ya kutosha.

Huduma inayoitwa ya bure nayo ina gharama zake, ingawa huja kidogokidogo. Glavu, mabomba ya sindano, nyuzi, pamba na dawa huweza kuandikwa kwenye karatasi ukanunue nje. Kipimo cha picha kinaweza kufanyika kwingine kwa kuwa mashine imeharibika. Na nauli ya anayemletea mzazi chakula na nguo hulipwa kila siku. Muulize muuguzi wa kliniki mapema vitu anavyopaswa kuja navyo, vinunuliwe kimoja kimoja mwezi baada ya mwezi, na risiti zitunzwe.

Liko jambo jingine linalogusa fedha na tiba kwa pamoja, nalo ni upasuaji. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba katika jamii nzima, upasuaji ukizidi asilimia 10 ya uzazi wote hauonekani kupunguza tena vifo vya akina mama na watoto wachanga. Kufikia mwaka 2021 lilikadiria kwamba asilimia 21 ya uzazi wote duniani ulikuwa kwa upasuaji. Nyuma ya wastani huo wapo wanaoukosa wakaumia na wanaopewa bila sababu. Penye malipo makubwa kwa upasuaji kuliko kwa saa kumi na mbili za subira ya mkunga, kishawishi kipo, na wala haihitajiki nia mbaya ya mtu yeyote ili kifanye kazi yake. Basi waulizeni wazazi wangapi kati ya kila kumi wanaojifungua hapo hupasuliwa, na mkeo akiambiwa kwamba uchungu umekwama, aulize njia imefunguka kiasi gani, kwa kuwa tangu mwaka 2018 miongozo inahesabu uchungu kamili kuanzia sentimita 5 na kabla ya hapo mwendo wa polepole ni wa kawaida kwa wengi. Lakini daktari akisema mapigo ya moyo wa mtoto yanashuka, au damu inatoka, hapo pasiwe na mjadala wala kikao cha ukoo.

Bima uliyoitaja isome kabla ya kuitegemea. Bima nyingi huweka kipindi cha kungoja kabla ya kulipia uzazi, na mtu aliyejiunga akiwa na mimba tayari hukuta mlango umefungwa; nyingine zina kikomo kinachotosha njia ya kawaida tu, na nyingine hazimtambui mtoto mpaka aandikishwe kwa jina. Mpigie mhusika, kisha akuandikie alichokisema.

Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walieleza kwamba mama huchelewa kwa namna tatu: kuamua kutafuta huduma, kufika, na kupata huduma akiwa amekwisha kufika. Mkopo wako ungetumika kupendezesha hatua ya tatu katika siku ambayo huenda isiwe na shida yoyote, na ungekuacha mtupu katika zote tatu siku ambayo shida ipo. Mzazi anayetokwa na damu nyingi anaweza kupoteza maisha katika muda wa saa chache. Katika saa hizo fedha unayohitaji ni ya gari, ya amana, ya dawa iliyokosekana dirishani, na inatakiwa iwe mkononi, si katika benki inayofunguliwa asubuhi. Kwa hiyo weka kando kila mwezi kile ambacho ungekuwa unalipa kama rejesho la mkopo, ujue watu wawili wenye magari watakaopokea simu usiku, na utafute mapema ndugu wenye afya walio tayari kutoa damu. Kama kundi la damu la mkeo ni hasi na la mtoto likawa chanya, atahitaji sindano ya kinga ndani ya saa 72 baada ya kujifungua. Ulizeni sasa kama inapatikana, kwa sababu si kila mahali huwa nayo. Na popote atakapojifungulia asiruhusiwe kuondoka kabla ya saa 24, hata kama kitanda kinahitajika au siku ya pili inalipiwa.

Neno la mwisho katika uamuzi huu ni la mkwe wangu, kwa kuwa mwili ni wake. Msomee barua hii yote, hata pale nilipokukaripia. Akisema kwamba faragha ni jambo asiloweza kulikosa, nami ninaelewa kwa nini angesema hivyo, basi tafuteni wodi ya kulipia katika hospitali yenye damu kabla ya kurudi kwenye kifurushi kile. Nendeni wiki hii katika hospitali zote mbili, jioni, wakati wa kubadilishana zamu, mkaulize maswali niliyoandika hapo juu, kisha uniletee majibu pamoja na karatasi ya bei na nakala ya kadi yake ya kliniki. Fomu ya mkopo iache bila sahihi mpaka nizione karatasi hizo.

Wako akupendaye,
Mama