Usilipie bunduki kabla hujapimwa jicho

Mkuu, ahirisha hiyo safari ya dukani. Umeandika kwamba polisi wamekupa cheti cha shotgani (bunduki ya marisau, vile vichembe vya risasi vinavyotawanyika), umekubaliwa uanachama kwenye klabu ya kulenga visahani vya udongo vinavyorushwa hewani huko mashambani Uingereza, na Jumamosi unakwenda kulipia bunduki ya mitutu miwili iliyopandana kwa sababu muuzaji kakwambia "hii inamkaa kila mtu". Halafu unauliza viatu, katriji (risasi zake), na kama mwanao anaweza kuja. Viatu! Mimi niliambiwa maneno hayohayo na muuzaji. Hakuna shotgani inayomkaa kila mtu, na anayesema hivyo anatafuta kuondoa mzigo dukani kwake.

Sikia. Shotgani haina alama ya kulengea upande wa nyuma kama raifoli. Kazi hiyo inafanywa na jicho lako. Shavu lisipotulia sawasawa juu ya kitako, ile sehemu ya nyuma inayokaa begani, au jicho linalotawala, yaani lile ubongo unalolitegemea zaidi kulenga, likiwa la upande mwingine, marisau yataenda pembeni hata uwe na mkono mtulivu namna gani. Muuzaji aliniwekea kitako bega la kulia, akasifu nilivyopendeza, akapokea pesa. Hakuuliza habari za jicho. Jicho langu linalotawala ni la kushoto! Kila kisahani kilichokatiza mbele yangu, marisau yalipita kushoto kwake, nami nikawa nanunua katriji boksi kwa boksi nikiamini ni mazoezi tu hayajatosha. Bega likavilia damu, shavu likavimba. Mwishowe mkufunzi wa klabu akaniambia ninyooshe mikono, nikutanishe viganja nibakize tundu dogo, nitazame mti wa mbali kwa macho yote mawili, kisha nifumbe moja moja. Jicho likibaki wazi na mti bado uko tunduni, ndilo linalotawala. Ni dakika moja tu. Dakika hiyo muuzaji alininyima, na mpaka leo inaniuma.

Wengine hubandika kipande cha selotepu kwenye lenzi ya miwani kuliziba jicho linaloingilia, na wanalenga vizuri. Mimi nilihamia bega la kushoto, na hapo ile bunduki haikunifaa tena, maana kitako chake kilipindishwa kidogo kuelekea kulia kwa ajili ya mtu wa bega la kulia. Duka lilelile likainunua chini ya nusu ya bei waliyoniuzia. Na shotgani ikibadili mwenyewe polisi wanatakiwa kuarifiwa ndani ya siku 7, kwa hiyo hata kuiondoa nyumbani kuna makaratasi.

Haraka ya nini? Sheria ya silaha ya mwaka 1968 inamruhusu hata asiye na cheti kulenga visahani mahali na wakati ulioidhinishwa na polisi, ndiyo maana klabu nyingi zina bunduki za kuazima. Jaribu yenye kitako kirefu, jaribu fupi, sikia shavu linatua wapi.

Katriji chukua za marisau ya gramu 28 au pungufu, zenye kizibo cha nyuzi (kile kinachotenga baruti na marisau), kwa kuwa viwanja vingi vya mashambani havitaki plastiki izagae kwenye malisho ya kondoo.

Mpigie katibu wa klabu leo, omba mkufunzi na bunduki mbili tatu za kuazima Jumamosi hiyohiyo. Ukishapimwa, andika hapa ni jicho lipi, tuzungumze kitako.