Nenda ofisi ya utafiti andiko likiwa bado rasimu

Wanafunzi wengi wa uzamili huichukulia Kurugenzi ya Utafiti, yaani ofisi ya utafiti ya chuo, kama dirisha la mhuri. Wanafika wiki moja kabla ya safari, wanaomba barua ya kibali cha utafiti, kisha wanashangaa kuambiwa warudi Alhamisi. Mimi nimepita pale nikiwa mwanafunzi, na sasa kama mhadhiri wa chuo cha umma hapa Tanzania, napita kila mwaka na wanafunzi wangu. Ninachowaambia ni kwamba nendeni andiko, yaani pendekezo la utafiti, likiwa bado linakatwakatwa na msimamizi, dodoso likiwa bado halijachapishwa.

Barua yenyewe kwanza. Mratibu wa utafiti nchini ni COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1986, na mtafiti wa kigeni lazima aombe kibali huko. Wahadhiri na wanafunzi wa vyuo kama Dar es Salaam na Sokoine wana njia fupi zaidi, maana Makamu Mkuu wa Chuo hutoa kibali kwa mamlaka aliyokasimiwa. Barua yake inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ambaye naye atakuandikia nyingine ya wilayani au halmashauri, kisha utaandikiwa ya kata. Ukifika kijijini unakuwa na bahasha nene kuliko dodoso lako.

Sasa mtazame Mtendaji wa Kijiji akiisoma. Nadharia yako haimhusu. Anatazama mhuri, anatazama jina kama linafanana na la kwenye kitambulisho, anashuka hadi kwenye majina ya maeneo, halafu tarehe ya mwisho. Barua ikisema Dodoma na wewe umevuka kuingia Singida kwa kuwa sampuli haikutimia, hapo huna kazi ya kufanya. Kichwa cha utafiti kikiwa tofauti na kilichoandikwa juu ya dodoso, utaulizwa, na ana haki ya kuuliza. Kwa hiyo taja maeneo yote tangu mwanzo, pamoja na yale ya akiba, na omba muda unaozidi ule unaodhani unauhitaji. Masika hayasomi ratiba ya mtu. Nakili kichwa cha utafiti neno kwa neno. Msimamizi akikibadilisha, rudi ofisini barua ibadilishwe.

Kama utafiti unagusa afya ya watu, kuna mlango mwingine: kamati ya maadili ya chuo, na kwa tafiti nyingine NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Majaribio ya dawa yanahitaji pia idhini ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Wa wanyamapori wanaanzia TAWIRI, Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori. Zanzibar ina utaratibu wake, usidhani barua ya Bara inatosha. Hapa ndipo afisa wa utafiti anapokuokolea muhula mzima, kwa sababu anajua ombi lako linapita wapi na kamati itakaa lini. Mwombe pia akusomee fomu ya ridhaa. Nimeona fomu za Kiswahili ambazo hata mimi sikuzielewa, sembuse mama aliyesimamishwa akitoka kisimani na kuambiwa aweke dole gumba. Na tangu ije Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, swali la majina na namba za simu za watu utazihifadhi wapi si la kujibiwa kwa mstari mmoja.

Wahadhiri wenzangu, kwenu shida kubwa ni mikataba. Mfadhili akikutumia makubaliano, usisaini kwa niaba ya chuo. Huna mamlaka hayo. Peleka ofisini wakaangalie nani atamiliki matokeo na kama sampuli zinaweza kutoka nje ya nchi. Bajeti nayo ipitiwe kabla ya kutumwa, kwa sababu ile asilimia inayokatwa na chuo ikisahaulika, itatoka kwenye posho za wadadisi, wale wanaokusanyia data. Halafu masurufu, yaani fedha unazopewa mapema za safari: usiporejesha ya safari ya kwanza kwa risiti zinazokubalika, ya pili utayasikia tu. Kijijini bodaboda hatoi risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, kwa hiyo uliza mapema mhasibu anapokea nini badala yake.

Sisemi ofisi hizi hazina kasoro. Nyingine zina maafisa wawili kwa chuo kizima, na tangazo la ufadhili hukufikia zikiwa zimebaki siku mbili. Baruapepe inaweza kulala hadi ikasahaulika. Nenda mwenyewe, asubuhi, na msalimie vizuri mtu wa masijala, kwa sababu yeye ndiye anayejua faili lako liko juu ya meza ya nani. Andika namba ya kumbukumbu mahali. Ukipiga simu bila namba hiyo, utaambiwa linashughulikiwa.

Mwanafunzi asiye na fedha aulize pia ni mhadhiri gani ana mradi unaoendelea wenye nafasi ya uzamili. Orodha hiyo mara nyingi haibandikwi ubaoni, lakini pale ofisini wanaijua.