Kilo Zimeondoka, Sasa Desemba Inakuja

Maswali ya "nipungueje" nimeyaweka kando safari hii. Leo nawajibu waliokwisha kupungua na sasa wanaogopa kurudi walikotoka. Nusu yenu mnaniomba ruhusa, na ruhusa sina.

*Shikamoo mama. Nimetoka kilo 104 hadi 81 kwa kuacha ugali, wali na ndizi. Nimeshafika nilipotaka. Lini nirudie kula kawaida? (Kijana wa Sakina, Arusha)*

Marahaba. Kawaida ipi, mwanangu? Ile iliyokufikisha 104? Mwili wa kilo 81 hauhitaji sahani ya mwili wa kilo 104. Tena mwili uliopungua sana hubana matumizi, huku njaa ikipanda. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walichapisha habari za watu 14 waliokuwa wameshiriki shindano la televisheni la kupunguza uzito. Miaka sita baada ya shindano, wengi walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya kilo zao, na miili yao ikiwa imetulia tu ilikuwa ikichoma takriban kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao. Hizo ni kama chapati mbili. Ukirudia sahani ya zamani utanenepa, halafu utasema umerogwa.

Lawama yangu ni kwa njia uliyochagua. Mtu wa Arusha atakaa bila ndizi mpaka lini? Rudisha wanga pole pole: ugali wa ukubwa wa ngumi yako, mnafu au mchicha ujaze nusu ya sahani, na maharage yasikosekane. Wiki ya kwanza mzani utapanda kilo moja au mbili. Hayo ni maji, usikimbilie kujinyima tena.

*Chai ya kusafisha tumbo inasaidia kulinda uzito?*

Hapana. Hii ni mara ya nne mwaka huu naulizwa. Zile zenye sanamaki zinakuharisha, maji yanatoka, mzani unashuka, na mafuta yako yamekaa palepale. Kama unameza vidonge vya presha, hata kuionja usiionje.

*Mama, mwaka jana nilipanda Rombo, Kilimanjaro, kwa sikukuu za Desemba nikiwa na kilo 79, nikarudi Dar na 84, na mpaka leo nipo hapo. Chakula cha bibi nakikataaje?*

Usikikatae. Mimi nilipungua kilo 31 mwaka 2015, na Desemba ile nikaenda Kibosho na mayai ya kuchemsha kwenye pochi, eti nisivunje utaratibu. Shangazi aliyaona, akawapa mbwa mbele ya wakwe. Tangu siku hiyo nakula mtori wa asubuhi kama watu wengine, bakuli moja, kisha naondoka kwa miguu kusalimia ndugu. Huku kwetu kumsalimia ndugu ni kupanda na kushuka, unajua mwenyewe, na kila nyumba ina kiti na chakula. Nimejiwekea kwamba nitakula nyumba mbili kwa siku. Nyingine nakunywa maji na kusifia watoto.

Mbege, pombe yetu, ni ndizi na ulezi, yaani ni chakula kilichochachuka. Pokea kata ya kwanza kwa heshima. Ikirudi, mpasie aliye kando yako, hakuna anayehesabu. Kinachonitisha mimi ni zile kreti za soda nyuma ya nyumba. Chupa ya mililita 350 ina sukari karibu vijiko 9 vya chai, na Desemba hakuna anayekumbuka amekunywa ngapi.

Ila usimsingizie bibi. Katika zile kilo tano ulizorudi nazo, sehemu ilikuwa maji na chumvi, zingeondoka zenyewe kabla Januari haijaisha. Zilizobaki umezilea mwenyewe Dar, kwa ile kauli ya "nishaharibu, nitaanza upya."

*Nipime uzito mara ngapi?*

Mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi ukishatoka chooni na kabla ya chai. Siyo kwenye mzani wa stendi, umevaa buti na umeshika mfuko wa nyanya.

*Nilikimbia kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon, nikapungua. Nilipoacha mazoezi uzito ukarudi. Nianze lini tena? (Pasua, Moshi)*

Leo, lakini kwa kutembea. Ulikuwa unajiandaa kwa tarehe, tarehe ikapita. Marekani kuna daftari la watu waliopungua angalau kilo 13.6 na kukaa hivyo mwaka mmoja au zaidi, lilianzishwa 1994. Wengi wao hufanya mazoezi kama saa moja kwa siku, na zoezi lao kuu ni kutembea. Bodaboda ya kwenda sokoni Mbuyuni ndiyo adui yako wa kwanza. Na nyie wa jogingi za Jumapili nawapenda, ila ile supu na chapati tatu za kumalizia tutakuja kuzizungumza.

*Kaka amenitumia sindano za kupunguza uzito kutoka nje. Nichome?*

Siyo kabla daktari hajakuona. Na muulize swali la pili: utazichoma mpaka lini? Katika utafiti mmoja wa semaglutide, dawa iliyomo kwenye baadhi ya sindano hizo, walioacha dawa walirudisha karibu theluthi mbili ya uzito waliopoteza ndani ya mwaka mmoja.

*Mama mkwe anawaambia majirani nimekonda, labda naumwa. Nifanye nini?*

Kwetu aliyenenepa ametunzwa, na aliyekonda ana jambo. Hilo huliondoi kwa maneno. Kapime presha na sukari, umletee majibu yenye muhuri. Wazee wa huku karatasi wanaiheshimu. Lakini barua yako haijasema ulipunguaje. Kama hukubadili chakula wala mwendo na kilo zinaondoka zenyewe, basi mama mkwe ameona vizuri kuliko wewe. Nenda hospitali wiki hii.